Bustani Ilitoweka, Sindano Ikabaki

Idi inapokaribia, familia nyingi hujiuliza: tubadilishe mapazia na makochi, au tutosheke na tulivyo navyo? Swali hili si geni. Tumelikuta katika historia ya miji ya Uchina, miaka ya mwisho ya utawala wa Ming (1368–1644).

Wakati huo biashara ya hariri na pamba iliitajirisha miji kama Suzhou na Songjiang. Wenye mali walishindana kwa vyombo vya kauri, samani za mbao adimu na michoro ya kale. Mwanachuoni Wen Zhenheng wa Suzhou aliandika kitabu kizima akibainisha kipi nyumbani ni cha heshima na kipi ni cha ovyo. Wanaume ndio walioandika hukumu hizo. Lakini baadhi ya mapambo bora yalitoka mikononi mwa wanawake.

Huko Shanghai, Gu Mingshi, aliyefaulu mtihani mkuu wa dola mwaka 1559, alikuwa na bustani ya fahari iliyoitwa Luxiang. Wanawake wa nyumba yake walidarizi kwa nyuzi za hariri zilizochanwa zikawa nyembamba mno, hata kazi yao ikafanana na mchoro wa kalamu. Mwaka 1634, Han Ximeng, mke wa mjukuu wake, alitafuta michoro mashuhuri ya kale, akanakili minane kwa sindano. Dong Qichang, bingwa wa uchoraji wa zama hizo, aliisifu kazi hiyo kwa maandishi.

Kisha mali ya ukoo ikayeyuka. Pambo la jana likawa riziki ya leo. Kitukuu mmoja wa kike, aliyefiwa na mume angali kijana, alimlea mwanawe kwa kudarizi. Gu Lanyu, binti wa ukoo huo, aliwafundisha wengine, na maduka yakauza nguo za kudariziwa kwa jina la Gu. Bustani ilitoweka, ujuzi ukabaki.

Dini yetu haikuharamisha pambo. Suratul A'raf, aya ya 31, imeliruhusu na kukemea israfu; Suratun Nisaa, aya ya 32, imetambua haki ya mwanamke katika chumo lake. Basi kabla ya kukopa kwa ajili ya makochi, tujiulize: binti zetu tumewafunza nini kitakachobaki makochi yatakapochakaa?

Wabillahi tawfiq.