Mtupa na Utupa Wake

Mwalimu akiwaagiza watoto wa shule wamletee utupa, hana budi kuwaambia kwanza ni upi autakao. Mahali pengi jina hili lina mimea miwili. Mmoja ni mnyaa, ule upandwao kuwa ua, ambao ukivunjwa hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakimwingia mtu machoni humwunguza vibaya, hata aweza kukaa siku kadhaa haoni. Wa pili ndio mtupa nitakaousimulia hapa, jamaa ya maharage na mbaazi. Jina limekuwa moja kwa sababu yote miwili hutumika kuvulia samaki, ingawa kwa sura haifanani hata kidogo.

Yafaa basi tutenge maneno: mtupa ni mmea, na utupa ni sumu yake, kama tusemavyo mbuyu na ubuyu. Wabemba huuita ububa, na Waganda muluku. Jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii, kwa kumkumbuka Theodor Vogel, Mjerumani aliyefuatana na msafara wa Waingereza katika mto Niger mwaka 1841, akafa mwaka huo huo.

Ni kichaka cha urefu wa meta 1 hadi 4. Majani yake yamepangwa kwa jozi, nayo ni laini kama hariri. Maua ni meupe au ya zambarau, mazuri sana, na maganda ya mbegu yamevikwa manyoya ya rangi ya udongo.

Zamani watu walikusanyika wakati wa kiangazi, maji ya mto yakiwa yamesimama, wakatwanga majani na kuyatia katika vidimbwi. Husemwa kwamba samaki hulewa, lakini sivyo. Sumu iitwayo rotenoni hupita katika mashavu yake na kuuzuia mwili usiweze kutumia hewa, hata akafa kama aliyesongwa. Hufa wakubwa na wachanga pamoja, na kidimbwi hubaki kitupu. Katika Tanzania sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu, na watoto wetu na wajue hivyo.

Lakini sumu hiyo hiyo yafaa shambani. Majani yaliyotwangwa na kulowekwa hutoa maji ya kunyunyizia wadudu wa mboga na kupe wa mifugo; unga wa majani makavu huchanganywa na maharage ya ghala ili kuzuia fukusi. Yaanikwe kivulini, maana jua huiharibu sumu. Mtu anawe mikono baada ya kazi, maharage yaoshwe vema kabla ya kupikwa, wala maji ya kuoshea yasimwagwe kijitoni. Kitu kutoka porini si kusema hakidhuru.

Kuupanda si kazi ngumu. Mbegu zilowekwe usiku mmoja, kisha zipandwe mvua zianzapo, hata kati ya mistari ya mahindi, kwa kuwa hapo kwanza hukua polepole. Uachwe miaka miwili, ukatwe, majani yafukiwe. Mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewa na kuirudisha katika udongo uliochoka. Vijiti huwa kuni.

Kuna jambo moja lililowachosha wakulima wengi: mtupa umepandwa, majani yametwangwa, na fukusi hawafi. Wataalamu waliochunguza mitupa ya Malawi walieleza mwaka 2012 kwamba iko ya namna mbili, na namna moja haina rotenoni kabisa. Huo wafaa kwa mbolea tu. Basi mwenye kutaka dawa achukue mbegu za miti ambayo majani yake yamekwisha kuonekana kuua wadudu. Tena asipande nyanya wala tumbaku mahali ulipotoka mtupa, kwa maana mizizi yake hulisha minyoo midogo sana ifanyayo vinundu katika mizizi ya mimea hiyo.