Kufundisha Ufungaji wa Plagi ya Kebo ya Redio: Somo la Vitendo kwa Shule za Nyanda za Mvua

Chombo cha redio kinaposhindwa kunasa sauti, aghalabu lawama hukiangukia chombo chenyewe. Hufunguliwa, huchokonolewa, na pengine huharibiwa kabisa, hali kasoro imo nje ya nyumba, mahali kebo inapoungana na eriali. Katika wilaya ya Rungwe, ambako sehemu kadhaa hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiungo kilichofungwa ovyo hakidumu. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu wa sayansi, awe Matwebe, Tukuyu au kwingineko, namna ya kuifundisha kazi hii kwa vitendo, pamoja na sababu ya kila hatua.

Nchini Tanzania redio ina historia ndefu katika elimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana. Redio ya ridhaa humpeleka mwanafunzi hatua moja mbele, kwani humfanya mjuzi wa chombo, si msikilizaji tu. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na vituo vya ridhaa vya nchi hii hutambulikana kwa alama zinazoanza na 5H. Shule isiyo na leseni na ijifunze kwa kusikiliza.

Kebo na plagi yake

Kebo ya koaksio ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1880 kwa jina la Oliver Heaviside. Ina sehemu nne: uzi wa shaba wa kati, kihami cha polithini kinachouzunguka, msuko wa nyuzi nyembamba za shaba, na gamba la plastiki la nje. Mawimbi husafiri kati ya uzi na msuko, na msuko huo huzuia makelele ya nje yasiingie. Kebo itumiwayo sana na watu wa redio ya ridhaa ni ya omu 50. Plagi yake ya kawaida ni PL-259, iliyobuniwa katika kampuni ya Amphenol ya Marekani miaka ya 1930.

Hatua za kazi

Vipimo vifuatavyo ni vya kebo nene, yenye kipenyo cha milimita 10 hivi.

(a) Pete ya kukazia itangulie kuvishwa kwenye kebo, uwazi wake ukielekea mwisho utakaofungwa. Ikisahauliwa, haiwezi kuingizwa baada ya kulehemu, na kazi yote huanza upya.

(b) Gamba la nje liondolewe kwa urefu wa milimita 28. Kisu kisizikate nyuzi za msuko.

(c) Uzi wa kati uachwe wazi kwa milimita 16. Msuko ukatwe nyuma kidogo, hata kihami kionekane mbele yake kwa milimita 2. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayozuia uzi na msuko visigusane.

(d) Msuko upakwe risasi kidogo, kisha plagi izungushwe juu ya kebo mpaka msuko uonekane katika matundu ya ubavuni. Matundu hayo yalehemiwe kwanza, halafu ncha ya uzi wa kati.

Kulehemu ndiko kunakowashinda wengi. Plagi ni chuma kinene kinachofyonza joto. Pasi dhaifu hulazimisha kazi ichukue muda mrefu, na polithini huyeyuka kabla risasi haijashika. Pasi ya wati 80 hadi 100 hufaa. Pasipo umeme, pasi ya shaba ipashwayo katika jiko la mkaa, kama ile ya mafundi bati watengenezao koroboi, huweza kutumika. Lakini asidi ya mafundi hao isitumike kamwe katika kazi ya umeme, kwani huendelea kula shaba. Itumike risasi yenye utomvu ndani yake. Madirisha yawe wazi, na wanafunzi wanawe mikono baada ya kazi.

Adui ni maji

Hapa mwalimu ana nafasi njema ya kufundisha fizikia. Msuko wa shaba huvuta maji kama utambi wa koroboi uvutavyo mafuta ya taa. Tone liingialo kwenye kiungo hutambaa ndani ya kebo, shaba hugeuka nyeusi, na nguvu ya mawimbi hupotea njiani. Kuianika kebo juani hakuirudishi shaba iliyokwisha kuharibika. Sehemu hiyo haina budi kukatwa.

Kiungo cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha, au vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyovutwa sana, kisha utepe wa plastiki juu yake. Tabaka la mwisho lianzie chini na kupanda juu, jinsi nyumba inavyoezekwa: tabaka la juu lilalie la chini, maji yateremke bila kupenya. Kabla ya kuingia nyumbani kebo ining'inizwe kama kitanzi, ili matone yadondoke chini ya kitanzi badala ya kuifuata mpaka kwenye chombo.

Mpango wa darasa

Si sahihi mwalimu alehemu peke yake huku wanafunzi 40 wakinyoosha shingo. Vikundi vya watu wanne vianze kwa kukata na kupima vipande vya kebo kuukuu, na risasi ifuate baadaye. Kila kikundi kikague kazi ya kingine kwa mita, ncha zote mbili za kebo zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Kutoka uzi hadi uzi mita isome karibu na sifuri. Kutoka uzi hadi msuko isionyeshe njia yoyote.

Mtihani wa mwisho ni wa maji: kiungo kilichokwisha fungwa kitumbukizwe ndooni usiku kucha, kisha asubuhi kifunguliwe mbele ya darasa. Kikiwa kikavu, kikundi kimefaulu. Alama zitolewe kwa ukavu na usomaji wa mita, wala si kwa mng'aro wa risasi.

Mwalimu asiache kuonya juu ya hatari mbili. Eriali isitundikwe karibu na nyaya za umeme. Na kebo ichomolewe mapema, kabla mvua ya radi haijakaribia. Ngurumo ikisikika, hakuna anayepaswa kuigusa.

Shule nyingi zina kebo moja tu na haziwezi kununua nyingine kila masika. Mwanafunzi aliyejua kwa nini tabaka la utepe huanzia chini ataitunza hiyo moja, na siku moja atamfundisha mwenzake bila kumngoja mwalimu.