Kipunji alibaki na jina lake

Bibi alipofariki tulizikuta chupa zake chini ya kitanda, zimepangwa ndani ya kreti la soda. Zilikuwa kumi na moja. Mbili za konyagi, moja ya asali, nyingine lebo zilishabanduka zamani. Zote zimezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishiwa kitambaa. Ndani mlikuwa na magome, mizizi, unga wa rangi ya ugoro na maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Hakuna hata moja iliyoandikwa kitu. Bibi alizijua kwa kuzishika tu. Shangazi akanusa moja, akasema hiyo ni ya tumbo. Baba mdogo akabisha: hiyo ni ya presha, yeye mwenyewe aliwahi kupewa. Mjomba, ambaye hapendi mabishano na siku hiyo alikuwa na basi la kuwahi stendi ya Tukuyu, akakata shauri zimwagwe migombani kabla watoto hawajazionja. Zikamwagwa. Migomba haikufa, wala haikunenepa.

Kila ninaposikia habari za kipunji huzikumbuka chupa zile, ingawa mtu angeuliza kima na dawa ya tumbo vina undugu gani.

Kwa asiyemjua, kipunji ni kima wa mlimani kwetu. Urefu wake bila mkia unakaribia sentimita 90. Manyoya ni ya kahawia yenye kijivu, uso mweusi, tumbo na ncha ya mkia vyeupe vilivyofifia, na kichwani ana kishungi kilichosimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Ukimkaribia hubweka kwa sauti nzito ya chini, mithili ya honi ya lori bovu linalopanda Igawilo kwa gia ya kwanza. Anaishi juu mitini, ana aibu, na hula matunda, majani, magome na maua ya aina zaidi ya mia moja za mimea. Mahindi pia hula, akipata nafasi. Hilo wakulima wa kandokando ya msitu watakwambia kabla hujauliza.

Wazee wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja miaka nenda miaka rudi, hasa wawindaji. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, waliposikia jina hilo walibaki njia panda. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa nyama na damu na yana wanyama wa mizimu, na msimulizi halazimiki kukuambia yupi ni yupi. Basi wakaanza kupanda mlima kumtafuta. Walimwona mara ya kwanza Mei mwaka huo, kwa mbali na kwa kubahatisha. Desemba ndipo walipomtazama sawasawa. Julai 2004 kundi jingine la watafiti, ambalo halikuwa na habari za Rungwe, likamkuta kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Makundi hayo mawili yakaungana, na tarehe 20 Mei 2005 jarida la Science likautangazia ulimwengu spishi mpya ya kima. Miongoni mwa waandishi walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Mpya kwa nani, hilo ni swali la kahawani. Ninachotaka kukisema ni kuhusu jina. Agosti 2005 kipunji mmoja alinaswa kwenye mtego wa mkulima shambani, akafa, na mwili wake ndio uliowawezesha wanasayansi kuchunguza vinasaba. Wakagundua kwamba ana ukaribu zaidi na nyani kuliko walivyodhani, kiasi kwamba mwaka 2006 wakamfungulia jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Wakamwita Rungwecebus kipunji. Mlima umo, na neno la wazee limo. Wangeweza kumpa jina la profesa au la mfadhili. Hawakufanya hivyo, na kwa hilo nawapa ndaga, asante ya Kinyakyusa.

Sasa shuka kutoka msituni uje Kyimbila, mwendo mfupi tu kutoka mjini Tukuyu. Wengi wanapajua kwa chai. Wajerumani walijaribu kuipanda hapo mwaka 1904, wakati Tukuyu yenyewe ikiitwa Neu Langenburg. Wachache wanajua kwamba Kyimbila ni jina maarufu mno katika makabati ya mimea iliyokaushwa huko Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliishi hapo mmisionari wa Moravian aliyeitwa Adolf Stolz, mtu mwenye ugonjwa wa kuokota mimea. Aliichuma kwa maelfu, akaibana kwenye karatasi, akaipeleka Berlin. Mwaka 1915 bingwa wa okidi, Rudolf Schlechter, aliandika makala ndefu juu ya okidi za Stolz, na jenasi moja ya okidi ndogondogo zinazotambaa kwenye magogo yenye ukungu akaiita Stolzia. Mpaka leo ukisoma orodha ya mimea ya Rungwe na Kitulo, neno stolzii linakufuata kama inzi.

Simlaumu marehemu. Bila yeye tusingejua nusu ya tunachojua juu ya mimea ya wilaya hii. Lakini hebu fikiria lebo ya mmea wa aina hiyo: mahali, mwinuko, mwezi, jina la mchumaji. Mama aliyekuwa akiuchemsha mmea huo kwa ajili ya homa ya mtoto, umbali wa hatua mia kutoka nyumba ya misheni, kwa desturi ya siku zile hakuwa na nafasi kwenye karatasi. Kisha Machi 1943 mabomu yakaiteketeza sehemu kubwa ya hazina ile ya Berlin. Nakala zilizokuwa zimegawiwa makumbusho mengine zimesalia. Aliyekuwa akichemsha hakuwa na nakala.

Kwenye kipunji, basi, mwenye kujua aliulizwa. Kwenye mimea alipitwa mlangoni. Na kuna namna ya tatu, mbaya zaidi: kuchukua ujuzi na kuliacha jina.

Katika misitu ya milima ya Afrika, wa kwetu ukiwamo, kuna mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka ambao wataalamu huuita Prunus africana. Ukilichubua gome, au ukilifikicha jani, utasikia harufu ya lozi chungu. Waganga wa sehemu nyingi za bara hili wameutumia tangu zamani. Kusini mwa Afrika gome lake lilijulikana kuwa dawa ya wazee wa kiume wanaosumbuliwa na mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya kutibu tezi dume kwa gome la mti huohuo. Vidonge vikaingia madukani Ulaya, na magome yakaanza kusafiri kwa tani kutoka Kamerun, Madagaska, Kenya na kwingineko. Kufikia 1995 ilibidi mti huo uingizwe kwenye orodha ya mkataba wa CITES ili biashara yake idhibitiwe.

Kosa la biashara ile unaweza kulionyesha kwa kisu na mti mmoja. Gome ndilo linalobeba chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Ukilichubua upande mmoja na upande wa pili ulioelekeana nao, ukaacha vipande viwili vizima katikati, mti hujiponya. Baada ya miaka kadhaa unaweza kurudi kuchukua pande zilizobaki. Ukilizungusha kisu shina zima kama mtu anayemenya muwa, mti umeshakufa siku hiyohiyo, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa miezi. Wavunaji wa kibiashara wa Kamerun ilibidi wafundishwe kanuni hiyo ya robo mbili. Bibi yangu, aliyesoma hadi darasa la pili, alikuwa akichukua gome upande wa mawio na upande wa machweo tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndivyo inavyochukuliwa. Nilidhani ni ushirikina. Leo naona kwamba pande hizo mbili, jua linakochomoza na linakozama, zimeelekeana.

Kwa kulinda jina la mwenye ujuzi, Wahindi wametupita. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kimoja cha Marekani walipewa hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, haya haya tunayotia kwenye pilau na mchuzi. Baraza la utafiti wa sayansi la India likaenda kupinga, likiwa na maandiko 32, mengine ya Kisanskriti na Kiurdu, mengine yenye umri wa zaidi ya karne, yakionyesha kwamba akina mama wa India walikuwa wakipaka manjano kwenye vidonda kabla ya chuo hicho kuwapo. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Ikafuata kesi ya mwarobaini, mti ulioletwa pwani yetu kutoka huko huko India na kupewa jina la Kiswahili kwa maradhi arobaini unaosemekana kuyatibu. Hataza ya dawa ya ukungu iliyotokana na mafuta yake, iliyotolewa Ulaya mwaka 1994, ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. India ikaona isingojee kesi moja moja: tangu 2001 inaingiza ujuzi wa Ayurveda kwenye maktaba ya kidijitali ambayo wakaguzi wa hataza duniani huisoma kabla ya kugonga mhuri.

Ayurveda ina vitabu vya miaka elfu na ushei. Sisi tuna chupa zilizozibwa kwa gunzi. Tofauti ya tiba hizo mbele ya hakimu ni karatasi. Ubora wa dawa hauingii kabisa katika hesabu hiyo.

Si kwamba nchi imelala. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na baadaye kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, ikaunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Lakini usajili unamtaka mganga aje ofisini, na mabibi wa aina ya bibi yangu hawakujiita waganga hata siku moja. Walikuwa wakulima wa migombani waliojua mambo. Mambo hayo hayana fomu. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani, tulipanga foleni ya magari kilometa kwa kilometa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, mtu ambaye jina lake tu linanukia Unyakyusa. Mti wa mugariga, uliochemshwa kutengeneza dawa hiyo ya kikombe, ukawa maarufu ndani ya wiki. Huenda wengi waliokuwa kwenye foleni ile walipita njiani kando ya mimea ambayo bibi zao waliijua vizuri zaidi.

Kuna mfano ninaoupenda kutoka pwani, mbali na mvua zetu. Kisiwani Mafia, hasa Juani, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai zaidi ya mia, huyafukia na kurudi baharini. Zamani aliyekuwa hodari wa kusoma alama za kasa mchangani ndiye aliyekuwa hodari wa kuiba mayai. Shirika la Sea Sense likamgeuza mtu huyohuyo kuwa mlinzi: anaripoti kiota, anakilinda, analipwa kwa kukipata na tena kwa vifaranga vinavyototolewa. Jicho ni lilelile la mwizi. Kilichobadilika ni malipo. Sijui kwa nini mchubuaji wa magome, anayeujua kila mti mkubwa wa mlima kama anavyoijua migomba yake, asiajiriwe kwa mtindo huo.

Maana mlima wenyewe sasa umefungwa, na ni haki ufungwe. Mwaka 2009 msitu wa Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 13,652. Ukienda Bujingijila, kipande chembamba kinachouunganisha na msitu wa Livingstone upande wa Kitulo, utakuta miti ya asili iliyopandwa kutoka kwenye vitalu ili makundi ya kipunji yaliyotenganishwa na mashamba yaweze kuvuka bila kushuka chini. Kazi hiyo imezaa matunda: sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 duniani kote, hesabu ya miaka zaidi ya kumi baadaye iliwakuta 1,966. Kitulo jirani, hifadhi ya taifa tangu 2005, iliokoa okidi ambazo mizizi yake ilikuwa ikichimbwa kwa magunia kwenda Zambia kupikwa chikanda. Yote mema. Ila anayeshikwa msituni na kipande cha gome mfukoni anahesabiwa mhalifu, na kile anachokijua juu ya gome hilo kinabaki hukohuko mfukoni.

Chupa moja haikumwagwa siku ile. Niliificha kwenye begi, kwa sababu ambazo kijana wa miaka kumi na tisa hawezi kuzieleza. Ilikuwa na vipande vitatu vya gome gumu, vyekundu kwa ndani. Juzi nilivunja kipande kidogo, nikakitia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikakifunika kwa sahani. Baada ya robo saa nilipofunua, jikoni kwangu kulinukia lozi chungu. Nikampigia simu shangazi kumuuliza bibi alikuwa akimpa nani dawa hiyo. Akafikiri, akasema labda babu, miaka ile ya mwisho alipokuwa akiamka usiku mara kwa mara. Kisha akasema hapana, labda ilikuwa ng'ombe.