Mbele ya Kununua Ordinatere, Uliza Kazi Yako Kwanza

Ndugu musomaji, siku moja wewe ao mutoto wako mutaambiwa maneno haya matamu: "Tunakupa kazi, lakini kuja na mashini yako." Furaha inaingia nyumbani. Nyuma ya furaha, swali nalo linaingia: mashini gani?

Dada mumoja wa kanisa letu hapa Butembo alinijia na swali hilo. Alikuwa amemaliza masomo ya kontabilite, na depo moja ya kakao kule Beni ilikubali kumupa kazi ya hesabu. Mukononi alikuwa na dola 400. Lakini feza hizo hazikuwa zake. Yaya yake alizichunga kidogo kidogo, miaka mbili, akichimba zahabu upande wa Manguredjipa. Dada alikaa kwenye kiti, akasema: "Papa Pasta, nikikosea, sitaweza kumuangalia yaya usoni."

Sikujibu mara moja. Kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kukosea. Miaka kazaa iliyopita, kanisa lilinipa feza za kununua ordinatere ya biro, yaani ile ya kubeba yenye vijana wanaita laptopu. Dukani nilichagua ile iliyongaa: mupya, nyepesi, katika karton yake. Muuzaji hakunidanganya. Kila kitu kiliandikwa juu ya karton: RAM giga 4, nafasi giga 64. Mimi njo sikujua kusoma maandiko hayo. Nyuma ya miezi tano mashini ilijaa. Kufungua barua moja ilikuwa kama kungojea lori lililozama katika matope. Na zile zilikuwa sadaka za wamama wanaouza mihogo sokoni!

Basi, kusudi wewe usianguke katika shimo langu, tukae pamoja, tuzungumuze polepole.

ANDIKA KAZI MBELE YA KUANDIKA BEI

Mutu anayeenda kununua viatu anajua mbele kama ni vya shamba ao vya ndoa. Lakini kwa ordinatere, wengi wetu tunaingia dukani na kuuliza: "Ya muzuri ni gani?" Muuzaji atajibu nini? Atakuonyesha ile anayotaka kuuza.

Kamata karatasi, ujibu maswali matatu. Nitafanya kazi gani? Nitaifanyia fasi gani? Umeme utatoka wapi?

Dada yetu aliandika hivi: kazi ni hesabu katika Excel, barua katika Word, na kutuma ujumbe kwa intaneti. Fasi ni depo ya Beni na nyumbani Butembo; kati ya miji hii miwili kuna kilometa kama 54 za barabara, na mara nyingi ni juu ya moto. Umeme ni pano za jua muchana, na jenereta saa chache magaribi.

Unaona? Bado hajafika dukani, lakini karatasi yake imekwisha kuchagua nusu ya mashini.

MEZA, KABATI NA MUFANYAKAZI

Maandiko ya karton yanaogopesha, lakini mambo makubwa ni matatu tu. Fikiri biro moja yenye meza, kabati na mufanyakazi.

RAM ni meza. Meza ikiwa ndogo, huwezi kufungua vitabu vitatu pamoja. Kila mara unaondoa kimoja kusudi ufungue kingine. Siku hizi Windows yenyewe inajaza sehemu kubwa ya meza ya giga 4 mbele wewe hujaanza kazi. Kwa hesabu, barua na masomo, omba giga 8. Kijana anayechora plani za nyumba ao karata za chantier ya madini, ao anayetengeneza video za korali, huyo atafute 16. Uliza tena kama RAM inaweza kuongezwa. Katika mashini nyingi nyembamba imegandishwa na kiwanda; ulichonunua njo utakufa nacho.

Diske ni kabati. Diske za zamani ziko na sahani inayozunguka ndani, na sindano inayosoma juu yake. Ukiitikisa juu ya moto wakati inafanya kazi, inaweza kuharibika na kula kazi yako yote. SSD haina kitu kinachozunguka. Inavumilia mutikisiko, inatumia umeme kidogo, na inafungua mashini haraka sana. Kwa barabara zetu, usibishane: chukua SSD, giga 256 ao zaidi. Na hapa ujichunge na mashini mupya za bei ya chini zenye nafasi ya giga 64 tu. Mara nyingi kabati hilo halipanuliwi. Niulize mimi!

Prosesere ni mufanyakazi. Watu wanasema, "Hii ni i5, ni nguvu!" Lakini i5 ya mwaka gani? Soma namba inayofuata. Ikiandikwa i5-4300U, tarakimu ya kwanza ni 4, basi ni kizazi cha 4. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-10210U ni kizazi cha 10. Ile i7 ya zamani sana inaweza kushindwa na i3 ya kizazi cha 12, kama vile muzee mwenyi nguvu za zamani anavyopitwa na kijana mwembamba juu ya mulima.

Kizazi hicho kina maana kubwa leo. Tarehe 14/10/2025 Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 kwa kawaida, yaani kuziba matundu yenye wezi na virusi wanapitia. Windows 11 nayo, kwa prosesere za Intel, inakubali rasmi karibu zote kuanzia kizazi cha 8, si zile za nyuma. Kwa hiyo mutu akikuuzia i5 ya kizazi cha 4 ao cha 6 na kukuambia itakaa miaka kumi, mwambie asante, uendelee na safari.

KLAVIYE NA PRIZI

Mashini nyingi za kwetu zinatoka Dubai ao China, zingine Kampala, zinapita Kasindi. Huko watu wengi wanatumia klaviye ya Kiingereza, yenye herufi Q, W, E, R, T, Y juu kushoto. Sisi mashuleni tulizoea ile ya Kifaransa: A, Z, E, R, T, Y. Unaweza kubadilisha ndani ya mashini, lakini herufi zilizochorwa hazitafuatana na zinazoandikwa. Kama kazi yako ni kuandika Kifaransa muchana kutwa, na hauandiki bila kuangalia vidole, jambo hili dogo litakuchokesha kila siku.

Angalia pia kichwa cha shajere. Cha Uganda kiko na meno matatu ya pembe nne. Chetu ni meno mawili ya mviringo. Nunua kichwa cha kubadilisha chenye kushika vizuri. Kile kinacholegea kinatoa cheche, na cheche zinaunguza.

UMEME WETU UNAJUA MASHINI YAKO?

Mutu wa Ulaya hafikiri sana juu ya batri, prizi iko kila ukuta. Wewe wa Butembo na Beni unajua maisha yetu: umeme wa mutambo wa maji kwa mwenyi kuunganishwa, pano za jua kwa mwingine, jenereta kwa mwingine.

Chini ya batri tafuta herufi Wh. Hizo ni wati-saa, kama litre za mafuta ndani ya tanki. Mashini ya kazi ya biro inakunywa karibu wati 10. Batri ya Wh 50, gawanya kwa 10, inakupa saa kama 5. Ile mashini kubwa ya michezo inaweza kukunywa mara tano ao zaidi; itamaliza tanki mbele ya saa sita.

Kwa pano za jua fanya hesabu hivi. Batri ya gari ya volti 12 na Ah 50 ni Wh 600, lakini usiimalize. Tumia nusu, yaani 300. Kujaza laptopu ya Wh 50 kunakula karibu Wh 65, kwa sababu konvertisere inapoteza njiani. Basi utaijaza mara ine. Soma pia juu ya shajere: nyingi za biro ni wati 45 ao 65. Konvertisere yako ikishindwa wati hizo, tatizo si la ordinatere.

Na umeme unaopanda na kushuka unaua. Regilatere haina bei kali kuliko mashini mupya. Siku ya radi, toa shajere katika prizi.

MUPYA AO OKAZYON?

Vijana, tusione haya ya kununua okazyon. Mashini iliyotumiwa katika biro za Ulaya inaweza kuwa na mwili wa nguvu kuliko ile mupya ya bei ya chini. Lakini okazyon inapimwa. Usitoe feza mbele ya kukaa na mashini saa moja muzima. Fanya hivi:

1. Toa shajere. Fanya kazi kwa batri dakika 30, uone imeshuka kiasi gani.

2. Fungua "Paramètres", halafu "Système", halafu "Informations système". Soma mwenyewe prosesere na RAM. Usiamini kibandiko tu. Kibandiko kinabandikwa na mukono wa mutu.

3. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri, uandike: powercfg /batteryreport. Mashini itakuandikia karatasi juu ya batri: uwezo wa kiwanda na uwezo unaobaki. Ikiwa kiwanda kiliandika 50 na imebaki 20, ongeza bei ya batri mupya katika hesabu yako, ao shusha bei ya muuzaji.

4. Bonyeza kila herufi. Chomeka kile USB kila tundu. Jaribu kamera, sauti, Wi-Fi, na tundu la projektere.

5. Izime, uiwashe tena. Ikiomba neno la siri la kampani isiyojulikana, iache hapo hapo.

6. Omba fakture yenye namba ya mashini. Muuzaji akikataa kabisa, jiulize mashini imetoka nyumba ya nani. Kitu cha wizi ni bei ya chini sokoni, lakini ni bei ya juu sana mbele ya zamiri.

USIMALIZE FEZA YOTE

Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anakaa kwanza, anahesabu garama. Garama ya ordinatere si mashini tu. Kuna mufuko usioingiza maji, regilatere, na diske ndogo ya nje ao kile USB ya kuchunga nakala za kazi.

Nakala hizo, nakuomba, usizizarau. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamejua kukimbia usiku bila kuchukua hata sufuria. Mutu akisikia risasi, asirudi kutafuta laptopu! Roho ya mutu hainunuliwi tena, mashini inanunuliwa. Lakini kama nakala ya hesabu iko katika mufuko wa shati, na nyingine iko kwa ndugu Butembo ao kwenye intaneti, kazi ya mwaka muzima haipotei pamoja na nyumba. Iko tena faida ya mashini ya kilo moja na nusu kuliko ile ya kilo tatu: kwa miguu ao juu ya moto, mugongo wako unajua.

DADA YETU ALICHAGUA NINI?

Tulienda pamoja. Muuzaji alituwekea mbili mezani. Moja mupya, rangi ya feza, yenye RAM 4 na giga 64: pacha ya ile yangu. Ingine nyeusi, imekwaruzwa kando, kizazi cha 8, RAM 8, SSD ya 256. Muuzaji akasema: "Dada, kijana kama weye utabeba kitu kizee namna hii?"

Dada alitoa karatasi yake, akaisoma tena. Akakaa na ile nyeusi saa moja. Batri ilitoka kiwandani na Wh 48, ilibaki 40. Akagawanya kwa 10, akaona saa ine. Akauliza bei, akabishana, akalipa dola 270. Siku ile ile akanunua regilatere, mufuko na diske ya nakala. Zilizobaki akazichunga kwa safari na nyumba ya kupanga Beni.

Magaribi alimupigia yaya yake simu mbele yangu. Alisema: "Yaya, haingai. Lakini inafanya kazi." Kule mbali nilisikia kijana anacheka. Akajibu: "Hata zahabu ikitoka shimoni haingai. Fanya kazi, dada."

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, ni nani alitoa jasho kusudi feza hii ipatikane? Tumemueleza tunataka kuinunulia nini?

2. Kama mashini ikipotea leo, kazi yetu inabaki wapi?

3. Tulinunua nini mwaka huu kwa sababu kiling'aa, nacho sasa kimelala kwenye kona?