Maumivu Yasiyoonekana: Namna ya Kujitunza Unapoishi na Fibromialjia

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo wapo wenzetu, wengi wao akina mama, ambao huamka asubuhi wakiwa wamechoka kana kwamba hawakulala kabisa. Mwili wote huwauma: shingo, mabega, mgongo, nyonga na miguu. Wamepima malaria, damu na mkojo, wamepiga picha ya eksirei, na kila mara wameambiwa kwamba hakuna kinachoonekana. Ndipo maneno huanza: huyu ni mvivu, huyu amerogwa, huyu imani yake ni haba. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunaandika makala haya ili mgonjwa ajue namna ya kujitunza, nasi tulio jirani zake tujifunze kumsadiki.

Ugonjwa huu ni wa kweli

Hali tunayoizungumzia huitwa fibromialjia. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1976, na mwaka 1990 madaktari bingwa wa Marekani walitoa vigezo vya kuitambua. Misuli na viungo vya mgonjwa havijaharibika, na ndiyo maana vipimo vya kawaida havionyeshi kitu. Kasoro imo katika namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea taarifa za maumivu. Ni mfano wa redio iliyofunguliwa sauti kupita kiasi, hata mnong’ono ukasikika kama kelele. Pamoja na maumivu huja usingizi usioburudisha, uchovu, usahaulifu, na mara nyingi kuumwa kichwa au tumbo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana, lakini wengi hupata nafuu kubwa wakijua namna ya kuishi nao. Hata hivyo, mtu asijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Upungufu wa damu, kasoro za tezi ya shingo na baridi yabisi huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi, nayo yana tiba yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwona daktari.

Kupima nguvu za siku

Kosa linalowaumiza wengi hutokea siku ya nafuu. Mama anaamka Jumamosi akiwa na ahueni, anafua nguo za nyumba nzima, anapalilia bustani na jioni anakwenda mazoezi ya kwaya. Jumapili na Jumatatu hawezi kuinuka kitandani. Kisha, kwa hofu ya maumivu, analala siku nyingi, na mwili unazidi kudhoofika.

Tunashauri njia ya katikati. Kazi igawanywe: nguo chache leo, nyingine kesho. Apumzike kabla ya kuzidiwa, asisubiri mpaka achoke. Achambue mboga akiwa ameketi kwenye kigoda, abebe maji kwa ndoo ndogo mara mbili badala ya ndoo kubwa mara moja. Na siku ya nafuu asifanye zaidi sana kuliko siku nyingine, wala siku mbaya asiache kabisa kujongea.

Mazoezi na usingizi

Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya walipochapisha mapendekezo mapya kuhusu tiba za hali hii, mazoezi ya mwili ndiyo pekee waliyoyapendekeza kwa mkazo mkubwa. Aanze kidogo, hata dakika 5 za kutembea taratibu, na aongeze dakika chache kila wiki kadiri mwili unavyozoea. Mwanzoni maumivu yanaweza kuongezeka kidogo, naye asikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Usingizi nao hutunzwa kwa utaratibu. Alale na kuamka saa zile zile kila siku, aepuke kahawa na chai ya rangi kuanzia alasiri, na simu iwekwe mbali na kitanda.

Tahadhari kuhusu dawa

Wapo wanaonunua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kuzimeza kila siku kwa miezi. Dawa hizo hupunguza uvimbe, na fibromialjia si ugonjwa wa uvimbe, hivyo msaada wake ni mdogo, ilhali zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Zipo dawa nyingine, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo wakati wa usiku, ambazo daktari huweza kuziandika. Huzuni kubwa ikimwandama mgonjwa, nayo itibiwe. Haimaanishi kwamba maumivu yake ni ya kufikirika tu.

Mgonjwa na maisha ya parokia

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya kitume ya tarehe 11 Februari 1984 kuhusu mateso ya binadamu, alifundisha kwamba mateso yakiunganishwa na yale ya Kristo hupata maana. Fundisho hilo halimkatazi mgonjwa kutafuta tiba, kwa kuwa Kanisa hufundisha pia kwamba afya ni zawadi ya Mungu tunayopaswa kuitunza. Asiyeweza kupiga magoti na aketi bila aibu. Asiyeweza kabisa kufika kanisani kwa sababu ya ugonjwa hatendi dhambi kwa kukosa Misa ya Dominika. Amjulishe paroko ili aletewe Komunyo Takatifu nyumbani, na wagonjwa hawabanwi na saa moja ya mfungo kabla ya kuipokea.

Nasi wanajumuiya tunao wajibu wetu. Tusimwambie mgonjwa, “Mbona jana ulikuwa mzima?” Tumwulize, “Leo tukusaidie nini?” Kijana mmoja akimchotea maji, jirani mmoja akimfulia shuka, na jumuiya ikisali nyumbani kwake badala ya kumtaka apande mlima, mzigo wake hupungua. Simoni wa Kirene hakuuondoa Msalaba, lakini aliubeba kwa sehemu ya njia. Hiyo ndiyo sehemu tunayoombwa sisi.