Lopetegui: Kipa wa benchi aliyemwaga unga Kombe la Dunia likibisha hodi

Hebu chukulia ni wewe. Kuna kazi moja umeitamani maisha yako yote. Umeipata, umeifanya miaka miwili bila kupoteza hata mechi moja, na timu yako inatajwa miongoni mwa zile zinazoweza kubeba kombe. Mizigo iko hotelini, wachezaji wako tayari. Kisha, zikiwa zimesalia siku 2 tu mcheze mechi ya kwanza, bosi anaita wanahabari na kuwaambia umefutwa kazi.

Hiyo si stori ya vijiweni. Ilimpata Julen Lopetegui, kocha wa Uhispania, mnamo Juni 13, 2018 katika mji wa Krasnodar, Urusi.

Kama wewe ni mtu wa EPL, unamjua. Ni yule wa Wolves aliyeondoka msimu ukikaribia kuanza. Ni yule wa West Ham aliyepigwa kalamu Januari. Huenda hata ulimtengenezea meme. Lakini kabla hujamcheka tena, wacha nikupe stori yake yote, kwa sababu imeanzia mahali ambapo wengi wetu tunapajua vizuri sana: kwenye benchi.

Mwana wa mnyanyua mawe

Lopetegui alizaliwa mwaka wa 1966 huko Asteasu, kijiji cha jimbo la Basque, kaskazini mwa Uhispania. Babake, José Antonio, alikuwa bingwa wa kunyanyua mawe. Usishtuke, huo ni mchezo wa jadi kule kwao: jiwe la kilo 100 au zaidi linatolewa chini, linapandishwa hadi begani, linashushwa, linapandishwa tena. Mzee alishika mawe, mwana akaamua kushika mipira.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu ukipa. Straika akianzia benchi, anajua dakika ya 70 anaweza kuitwa. Kiungo naye vilevile. Lakini kipa nambari mbili hana dakika ya 70. Anangoja mwenzake aumie, ale kadi nyekundu au avurunde mpaka kocha achoke. Unafanya mazoezi wiki nzima, unachafuka, unaumia vidole, halafu Jumamosi unavaa koti na kukaa.

Lopetegui aliishi hivyo kwenye klabu mbili kubwa kuliko zote kwao. Real Madrid alicheza mechi 1 pekee ya ligi. Akaenda Logroñés, klabu ndogo, na huko ndiko alikopata nafasi ya kudaka kila wiki. Ndiyo iliyomfungulia mlango wa timu ya taifa: Machi 1994 aliingia kama nguvu mpya katika mechi ya kirafiki dhidi ya Croatia, Uhispania ikalala 2-0. Mechi hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho aliyowahi kuichezea nchi yake.

Mwaka huohuo alikuwa kwenye kikosi kilichoenda Kombe la Dunia Marekani. Lakini kipa nambari moja alikuwa Andoni Zubizarreta. Lopetegui alirudi nyumbani bila kugusa nyasi hata dakika moja.

Aliporudi akajiunga na Barcelona ya Johan Cruyff. Misimu mitatu, mechi 5 za ligi. Mbele yake alikuwepo Carles Busquets, babake Sergio Busquets unayemjua wewe, kisha akaletwa Mreno Vítor Baía. Miaka mingi baadaye, huyohuyo Sergio ndiye aliyekuwa akitawala katikati ya uwanja Lopetegui alipokuwa kocha wa taifa. Dunia ya mpira ni kama mtaa, mnakutana tu.

Na si yeye pekee aliyeonja benchi la Baía. Nuno Espírito Santo pia alikuwa kipa, na Porto ilipobeba taji la Klabu Bingwa Ulaya 2004, yeye alikuwa benchini Baía akidaka. Leo angalia: Nuno na Lopetegui wote wawili wamefundisha Wolves, na wote wawili wamefundisha West Ham. Kipa wa akiba ana muda mwingi wa kutazama. Yeye ndiye mchezaji anayeuona mchezo wote huku hana kazi nyingine ila kuufikiria.

Kuanguka mara ya kwanza, mbele ya kamera

Alistaafu mwaka wa 2002 akiwa Rayo Vallecano. Mwaka uliofuata klabu hiyohiyo ikampa kazi ya ukocha. Hakumaliza hata nusu msimu.

Akageukia televisheni. Wakati wa Kombe la Dunia 2006 alikuwa studioni akichambua mechi, hewani, akazirai na kuangukia meza. Alipata nafuu haraka, lakini video hiyo bado inazunguka mitandaoni. Kwa hivyo piga hesabu ukiwa mwaka 2006: kipa aliyechezea taifa mara moja, kocha aliyefutwa kabla ya Krismasi, mchambuzi aliyezirai mbele ya nchi nzima. Kwenye harusi na matanga, hapo ndipo mjomba anakuuliza, “Sasa wewe siku hizi unafanya nini hasa?” Mimi niliyeacha chuo nalijua hilo swali kwa sauti zote.

Alichofanya ni kurudi chini kabisa. Akafundisha Castilla, timu ya vijana wa Real Madrid. Kisha shirikisho la soka la Uhispania likampa vikosi vya chipukizi. Hapo ndipo mambo yalijipa. Mwaka wa 2012 alibeba Ulaya ya walio chini ya miaka 19. Mwaka wa 2013 akabeba ile ya chini ya miaka 21, akiichapa Italia 4-2 kwenye fainali, Thiago Alcântara akifunga matatu. Kwenye kikosi hicho kulikuwa na De Gea, Isco na Koke. Hao wote pamoja na Thiago alienda nao Urusi miaka 5 baadaye.

Katikati akapitia Porto, akatimuliwa Januari 2016 bila taji. Lakini Julai mwaka huo, Vicente del Bosque alipoondoka, Uhispania ikampa mikoba yeye.

Mechi 20, hakuna aliyemfunga

Watu walinuna. Kocha asiye na taji la watu wazima anapewa mabingwa wa dunia wa 2010? Akawajibu uwanjani. Mechi 20: ushindi 14, sare 6, kupoteza sufuri. Italia ilikula 3-0 pale Bernabéu, na mwisho wa mwaka Waitaliano wakakosa tiketi ya Kombe la Dunia. Argentina ikaja Madrid Machi 2018 bila Messi uwanjani, ikalimwa 6-1.

Mei 22, 2018, shirikisho likamwongezea kandarasi hadi 2020. Siku 9 baadaye, Zinedine Zidane akashtua ulimwengu kwa kujiuzulu Real Madrid. Sasa soma polepole hapa.

Juni 12, Uhispania ikiwa tayari Urusi, Real Madrid ilitoa taarifa: kocha wetu mpya ni Lopetegui, ataanza kazi baada ya Kombe la Dunia. Luis Rubiales, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi tangu achaguliwe rais wa shirikisho, alisema aliarifiwa dakika 5 tu kabla ya taarifa hiyo kutoka. Iliripotiwa sana kwamba wachezaji wakuu walijaribu kuombea kocha wao. Haikusaidia. Kesho yake asubuhi, kwaheri. Fernando Hierro, mkurugenzi wa michezo, akakabidhiwa timu.

Nani alikosea?

Hapa ndipo mabeste hugawanyika hadi leo, na nadhani ni swali zuri kwa yeyote anayetafuta riziki.

Upande mmoja unasema: jamaa alipata kazi ya ndoto, hakuvunja sheria, kandarasi yake ilikuwa na kifungu cha kuondoka, na angemaliza mashindano kwanza. Wewe ukiitwa na kampuni kubwa kuliko zote, utasema ngoja niwaze?

Upande wa pili unasema: umeongeza kandarasi majuzi, wino haujakauka, halafu unapanga kuhama kisirisiri, na mwajiri anaarifiwa dakika za mwisho? Tena unahamia klabu ambayo nusu ya mahasimu wake wako kwenye chumba chako cha kubadilishia nguo. Wachezaji wa Barcelona wangekuangaliaje?

Mimi naona hivi. Kosa la Lopetegui halikuwa kutaka Real Madrid. Lilikuwa kimya. Angemwendea Rubiales mapema amwambie uso kwa uso, pengine wangekubaliana jinsi ya kulitangaza. Kosa la Rubiales lilikuwa kuamua kwa hasira na kuwaachia wachezaji 23 bili ambayo si yao. Siku 2 baadaye Uhispania ilitoka 3-3 na Ureno, Cristiano Ronaldo akifunga yote matatu. Julai 1 ikatolewa na wenyeji Urusi kwa penalti, baada ya kupasiana zaidi ya mara elfu moja na kupata bao moja tu, tena la kujifunga.

Lopetegui naye aliwasilishwa Bernabéu kesho yake, Juni 14, siku ambayo Kombe la Dunia lilikuwa likifunguliwa. Sauti ilimkatika. Alisema siku iliyotangulia ilikuwa ya huzuni kuliko zote tangu mamake afariki.

Na ile kazi ya ndoto? Ronaldo aliuzwa Juventus, mabao yakakauka, na Oktoba 28 Barcelona ikamtandika 5-1. Oktoba 29 akafutwa. Hesabu: siku 138, unga umemwagika mara mbili.

Bono naye alikuwa benchi

Wengi walidhani amekwisha. Juni 2019 Sevilla ikamwita. Kwenye kikosi hicho kulikuwa na kipa Mmorocco aliyeletwa kwa mkopo kukaa nyuma ya Tomáš Vaclík. Jina lake Yassine Bounou. Ndiyo, Bono.

Vaclík akaumia katikati ya 2020. Bono akaingia na hakutoka tena. Robo fainali ya Europa League dhidi ya Wolves, akapangua penalti ya Raúl Jiménez, Sevilla ikashinda 1-0. Nusu fainali, Manchester United waliokota 2-1 na Bono aliwanyima hadi ukawaonea huruma. Fainali dhidi ya Inter, mambo yakiwa 2-2, Romelu Lukaku akabaki naye ana kwa ana. Bono akazuia. Sevilla ikashinda 3-2, Agosti 21, 2020, kwenye uwanja mtupu wa Cologne kwa sababu ya korona. Kocha aliyeozea benchi la Barcelona alipata taji lake kubwa mikononi mwa kipa wa akiba.

Usidhani kuanzia hapo ni raha mustarehe. Aliipeleka Sevilla Klabu Bingwa Ulaya misimu mitatu mfululizo, kisha akatimuliwa Oktoba 2022. Akachukua Wolves wakivuta mkia wakati wa Krismasi, akawamaliza nafasi ya 13, halafu wakaachana Agosti 2023 kwa mvutano wa pesa za usajili. West Ham alidumu nusu msimu tu.

Na tusidanganyane pia. Lopetegui akifutwa analipwa fidia. Wewe ukifutwa, mwenye nyumba anabisha mlango tarehe 5. Sikuambii kumwaga unga ni baraka. Ninachokuonyesha ni kwamba baada ya kila teke, jamaa huyu hakungoja kazi inayolingana na jina lake. Kutoka Rayo alienda kwa vijana. Kutoka Real Madrid alienda Sevilla. Kutoka EPL, Mei 2025, akaenda Qatar.

Usiku wa Doha

Qatar haijawahi kuogopwa na mtu Kombe la Dunia. 2022 walicheza kama wenyeji, wakapoteza mechi zote tatu. Kufuzu kwa jasho lao hawakuwa wamewahi.

Oktoba 14, 2025 wakakutana na Falme za Kiarabu mjini Doha. Wageni walihitaji sare tu. Kipindi cha pili Boualem Khoukhi akatia kichwa, 1-0. Pedro Miguel akatia kingine, 2-0. Kisha kadi nyekundu kwa Qatar, bao la wageni katika dakika za nyongeza, 2-1, na ule muda wa mwisho ambao kila shabiki anaujua, saa ikigoma kutembea. Kipenga kikalia. Qatar ikakata tiketi ya 2026.

Mwaka 1994 alienda Kombe la Dunia akakaa benchi. Mwaka 2018 alienda akarudishwa nyumbani kabla mpira haujaguswa. Tiketi hii ya tatu aliipata akiwa na miaka 59, na timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi ya kombe.

Sasa nijibu wewe: ungekuwa Rubiales asubuhi ile ya Krasnodar, ungemfuta? Na ungekuwa Lopetegui, simu ya Real Madrid ungeipokea?