Mashine Mpya, Chombo cha Kale

Watu wa Kuze wamelelewa na bahari, hata wale ambao hawajawahi kushika kamba ya demani. Mtaa huu wa Mji wa Kale wa Mombasa hauko mbali na Bandari ya Kale, na kwa vizazi vingi gumzo la barazani baada ya alasiri lilikuwa la vyombo: kipi kimeingia, kipi kimechelewa, nahodha gani amekuja kuposa, fundi gani ameitwa akakalafati. Katika magumzo hayo liko moja ambalo limerithiwa na watoto na wajukuu. Je, chombo cha tanga kitiwe mashine? Na kikishatiwa, mashine ndogo ikichoka, iwekwe kubwa zaidi?

Swali hili lina wenzake duniani. Huko Ulaya na Marekani wako wapenzi wa magari ya kale ya kusafiria na kulala ndani, kama ile Kombi ya Volkswagen iliyoanza kuundwa mwaka 1950 ikiwa na injini ya nguvu za farasi 25 tu. Wengi wao huing'oa injini ile wakatia kubwa ya Subaru ili gari lipande mlima bila kuhema. Bodi inabaki ya kale, moyo unakuwa mpya. Mombasa jambo hilohilo limefanywa majini, na kwa kuwa chombo cha pwani kilibeba riziki za watu, ndoa zao na kalenda yao yote, kubadili moyo wake kulibadili mengi nje ya mbao zake.

Kabla ya mashine, mwaka wa Mji wa Kale uligawanywa na pepo mbili. Kaskazi ilianza kuvuma Novemba au Desemba, ikaleta mabumu, masambuki na makotia kutoka Ghuba, Oman, Yemen na Kachi ya Bara Hindi. Vyombo hivyo vilikuja na tende, chumvi, papa mkavu, mazulia na masanduku ya njumu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, vyombo viligeuza omo kurudi kwao na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za bara na pwani. Baina ya kuja na kurudi ilikuwa miezi ya kungoja. Nahodha hakuondoka kwa kutaka. Aliondoka upepo ulipomruhusu.

Kungoja huko ndiko kulikoujenga mji. Wageni walipanga vyumba, wakaswali katika misikiti ya wenyeji, wakakopa na kulipa, wakaoa. Koo nyingi za Mombasa zina shina lililotokea Hadhramaut, Oman au Barawa, na ukitaka kujua shina hilo lilipandwaje, uliza kwanza upepo ulivuma miezi mingapi. Desturi za kumpokea mgeni, za kumkatia kauli mwenye mzigo, za kumdhamini baharia asiye na jamaa, zote zilikomazwa na msimu. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi delta ya Rufiji, aliyaandika maisha hayo yakiwa bado hai. John Jewell alipochapisha kitabu chake juu ya majahazi ya Mombasa mwaka 1969, alikuwa anaandika habari za jambo lililokwisha kuanza kupungua.

Mashine ilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wenye vyombo wa Ghuba walitangulia, wakatia dizeli za Ulaya kama Kelvin ya Glasgow. Miaka ya baadaye Yanmar za Japani zikaenea. Vyombo vya pwani yetu vilifuata kwa kadiri ya mfuko wa mwenyewe, na mara nyingi kwa mashine iliyokwisha kutumika, hata ya lori. Mwaka 1982 Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, jahazi la safari ndefu lilipoteza mzigo mkubwa wa kurudi nao. Lililobaki likawa jahazi la mwambao, la kwenda Lamu, Pemba na Unguja, nalo halikuweza tena kungoja miezi.

Hapo ndipo mila inapojionyesha katika kazi yenyewe, kwa maana chombo hakitiwi mashine kama gari linavyotiwa injini gereji. Kwanza hungojwa bamvua, maji yajae sana, chombo kipwelezwe juu ya mchanga na kuegemezwa kwa magadi. Kisha huitwa watu wawili ambao zamani hawakuwa wakikutana: fundi wa chombo na fundi wa mashine. Fundi wa chombo, ambaye huenda ni mtu wa Matondoni au amefunzwa na mtu wa Matondoni, kile kijiji cha Lamu kijulikanacho kwa kuunda majahazi, hukigonga chombo mbao kwa mbao na kusikiliza. Neno lake ndilo la kwanza. Akisema mkuku umechoka, mashine hairuhusiwi kupanda, hata kama imekwisha kulipiwa.

Ana sababu. Ili mashine isukume, shafti lazima itoke nje, na njia yake ni kuipekecha fashini, ule mti wa nyuma unaobeba usukani. Kuitoboa fashini ni kuugusa uti wa mgongo wa chombo, na tundu likienda upande hata kidogo, shafti itatetema maisha yake yote. Usukani nao hukatwa kipande ili rafadha ipate nafasi ya kuzunguka. Ndani, mashine haiwekwi juu ya mataruma moja kwa moja. Hulazwa mbao mbili nene za kwenda kwa urefu wa chombo ili uzito ugawanyike juu ya mataruma mengi. Farumi hupunguzwa upande wa tezi, la sivyo chombo kitakaa chini nyuma na kuinua omo. Ikiwa mashine ni ya lori, rejeta yake haifai kitu ngamani, penye joto na pasipo upepo. Hupangiwa njia ya kupozwa kwa maji ya bahari.

Mashine kubwa ndiyo inayotia watu tamaa, na hapo fundi wa chombo huwa mkali zaidi. Mwenye chombo hudhani kwamba farasi wakiongezwa mara mbili, mwendo nao utaongezeka mara mbili. Bahari haifanyi hesabu hiyo. Chombo kinachopasua maji kinahitaji nguvu zinazopanda kwa kasi zaidi kuliko mwendo wake: jahazi linalokwenda maili 6 za baharini kwa saa, likipewa nguvu mara mbili, litafika kama maili 7 na nusu. Safari ya Lamu, ambayo ni maili 130 hivi, itapungua kutoka saa 22 hadi saa 17 na ushei. Hata hapo pana kikomo, kwani urefu wa chombo majini ndio unaoweka mpaka wa mwendo. Jahazi la mita 16 kwenye mstari wa maji likisukumwa kupita maili 9 au 10 litachimba shimo la maji nyuma yake na kula mafuta bure.

Gharama nyingine haionekani siku ya kwanza. Jahazi liliundwa livutwe na tanga, nguvu ikishuka kutoka mlingotini na kuenea taratibu mwilini. Mashine husukuma kutoka sehemu moja na hutikisa bila kupumzika. Misumari hulegea, pamba ya kalafati hutoka katika maungio, na maji huanza kuchungulia ngamani. Kwa hiyo imekuwa ada kwamba chombo kilichotiwa mashine kubwa hurudishwa ufukweni baada ya safari za mwanzo, kikalafatiwe upya na kupakwa sifa, ndipo kiaminiwe mzigo wa watu.

Ndani ya chombo, mashine iliwagusa watu vilevile. Zamani heshima ilipangika wazi: nahodha juu, serahangi chini yake, kisha mabaharia, na kijana wa kupika mwishoni. Fundi wa mashine alipoingia hapakuwa na nafasi yake. Hajui kusoma nyota wala rangi ya maji, lakini akikasirika chombo hakiendi. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kwa msemo huo mambo yakaamuliwa: fundi wa mashine ana neno juu ya mashine, mwendo na njia ni vya nahodha.

Ugawaji wa mapato nao ulipanuliwa bila kuvunjwa. Kwa desturi chakula cha safari hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa mafungu baina ya chombo na watu, na fungu la nahodha huzidi la baharia. Sasa mafuta hutolewa pamoja na chakula, na katika vyombo vingi, hasa vya uvuvi, mashine ina fungu lake kama mtu. Fungu hilo ndilo linalozua maneno. Mashine ikiwa kubwa hula zaidi, na baharia huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini kasi iliyotakwa na tajiri itoke mfukoni mwake.

Kilichokataa kubadilika ni siku ya kushua. Chombo kikiwa tayari, watu huitwa, ubani hufukizwa, Fatiha na dua husomwa, na chakula hutolewa kwa wote waliofika, aliyevuta kamba na aliyetazama. Hakuna anayesoma dua ya mashine. Dua ni ya chombo na watakaopanda, na mashine imo humo kama ilivyomo nanga. Kwa sheria ya leo chombo hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na hilo ni jema, lakini mwenye chombo wa Mji wa Kale atakuambia kwamba karatasi ni ya serikali na dua ni ya bahari.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo wenye vyombo wengi wamelilegeza, nalo ni tanga. Kwa kuwa mashine ipo, foromali hukatwa fupi, tanga huachwa lioze, na vijana hupanda cheo bila kujua kugeuza joshi. Huku ni kupotoka. Wazee waliokubali mashine waliikubali iwe msaidizi. Waliujua mwambao wetu wenye miamba na milango myembamba, na walijua kwamba dizeli huisha, chujio huziba na shafti hukatika, mara nyingi usiku. Chombo chenye mashine kubwa kisicho na tanga ni chombo kilichopunguziwa nguvu, hata kama kinapiga kelele zaidi.

Basi ewe uliyerithi jahazi na unatafuta mashine kubwa: mwite fundi wa chombo kabla ya kumwendea muuza mashine, na umtii akisema jahazi hili kuukuu halibebi. Ukiitia, kata tanga jipya mwaka huohuo, na mfundishe mwanao kulipandisha.